MSAFIRI, MKAAZI NA MWENYEJI: WAGENI WENYE UJUZI NA WATOTO WAO, KUTOKA MADINA HADI DODOMA

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, suala lililonifanya nishike kalamu ni suala la Ijumaa. Katika kijiji kimoja cha mkoa wetu huu wa Dodoma waumini waliamua kusimamisha sala ya Ijumaa katika msikiti wao mdogo. Sisi wa bara hii ya kati, kama ndugu zetu wa pwani, tumelelewa katika madhehebu ya Imamu Shafi (r.a.), na kila aliyepita chuoni anajua kwamba kwa madhehebu yetu Ijumaa haisihi ila kwa watu arobaini. Wazee wakahesabu vichwa, wakapata wanaume baleghe thelathini na tisa. Wa arobaini wakamtaja kijana mmoja, mtoto wa ustadh aliyetoka nchi ya nje kuja kuwasomesha watoto wetu lugha ya Kiarabu.

Kijana huyo aliletwa na wazazi wake akiwa na umri wa miaka miwili, na siku ya suala lile alikuwa amekaribia miaka kumi na minane. Akizungumza na wenzake huzungumza Kigogo, akiota huota kwa Kiswahili, na nchi ya baba yake aliijua kwa simu na picha tu. Wazee wakaniuliza: Je, Sheikh, huyu anahesabika? Na baba yake je?

Jawabu nitalitoa hapo mbele, In shaa Allah. Kwanza napenda tuangalie namna Waislamu wa mwanzo walivyoishi na jambo hili la mgeni mwenye ujuzi na watoto wanaomfuata, kisha namna bara yetu hii ilivyoishi nalo, kwani suala la kijiji kile halikuishia msikitini. Liliishia kwenye ofisi, na baadhi yetu tuna sehemu ya lawama.

MADINA: MJI WA WAHAMIAJI

Mji wa kwanza wa Kiislamu ulijengwa na wenyeji pamoja na wahamiaji. Allah (s.w.) amewataja wote wawili kwa sifa zao katika Surat al-Hashr, aya ya 8 na ya 9: Muhajirina walioacha majumba na mali zao, na Ansari waliowapenda waliohamia kwao wala wasione choyo vifuani mwao. Mtume (s.a.w.) akafunga udugu baina yao mmoja mmoja, hata mwanzoni wakawa wanarithiana, mpaka ilipoteremka hukumu ya kurejesha mirathi kwa ndugu wa damu.

Lakini tuangalie vizuri, ndugu zangu. Muhajirina hawakukaa Madina kama watu wa kulishwa. Watu wa Madina walikuwa wakulima wa mitende, na watu wa Makka walikuwa wafanya biashara. Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipopewa na ndugu yake Saad bin Rabii (r.a.) nusu ya mali yake, alimuombea baraka na akataka aonyeshwe soko tu. Na Ansari walipopendekeza wagawane mitende, Mtume (s.a.w.) hakukubali, ikawa Muhajirina wanafanya kazi mashambani na mazao ndiyo yanayogawanywa. Khaibar ilipofunguliwa, Muhajirina wakawarudishia Ansari mitende waliyokuwa wamepewa waitumie. Kwa hivyo mgeni alipokewa kwa ukarimu, akatoa ujuzi wake, na alipopata uwezo akarudisha alichoazimwa.

Na watoto je? Abdullah bin Zubeir (r.a.) ndiye mtoto wa kwanza kuzaliwa kwa Muhajirina baada ya kufika Madina. Mama yake, Asma binti Abi Bakr (r.a.), alihama akiwa na mimba yake, akamzaa Quba. Waislamu walifurahi furaha kubwa, kwani palikuwa na uvumi kwamba wahamiaji hawatazaa tena. Kwao wao, mtoto wa mhamiaji aliyezaliwa katika mji mpya alikuwa bishara kwamba watu wale wamepata pa kuishi.

SAYYIDNA UMAR NA FUNDI WA MUGHIRA

Ukhalifa ulipopanuka, mambo yalibadilika. Mateka na mafundi wa Kifursi walikuwa wengi, na Sayyidna Umar (r.a.) akaweka kanuni: mateka aliyekwisha baleghe asiingie Madina. Wanahistoria wamepokea kwamba Mughira bin Shuuba, akiwa gavana wa Kufa, alimuandikia barua akimuomba idhini ya kumleta mtumwa wake mwenye ufundi mwingi, mhunzi, seremala na mchongaji, kwa hoja kwamba kazi zake zitawanufaisha watu wa mji. Umar akatoa idhini.

Angalieni jinsi jambo hili linavyofanana na mambo ya leo. Kuna katazo la jumla, kuna kigezo cha umri, kuna mwajiri anayeomba, kuna hoja ya ujuzi usiopatikana mjini, na kuna kibali maalumu. Fundi yule ndiye Abu Lu'lu'a, na ndiye aliyemchoma Umar (r.a.) kwa jambia katika sala ya alfajiri, mwaka wa 23 Hijria.

Mtu wa haraka atasema: basi funzo ni kuwafungia wageni mlango. Asome mbele kidogo. Ubeidullah mtoto wa Umar, kwa uchungu wa baba yake, alitoka na upanga akamuua Hurmuzan, Mfursi aliyesilimu na kukaa Madina. Akamuua Jufeina, Mkristo. Akamuua na binti mdogo wa Abu Lu'lu'a. Masahaba hawakusema kwamba hao ni wageni na damu yao ni rahisi. Jambo la kwanza zito lililomkabili Sayyidna Uthman (r.a.) katika ukhalifa wake lilikuwa ni damu hiyo. Sayyidna Ali (r.a.) aliona Ubeidullah auawe kwa kisasi, Uthman akaamua kulipa diya, na imepokewa kwamba aliilipa kutoka mali yake mwenyewe.

Binti yule mdogo alikuwa, kwa lugha ya maofisi ya leo, mtegemezi. Hakuomba kuja Madina, hakushika jambia, hakujua lililopangwa. Qur'ani inatufunza mahali pengi kwamba nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine. Kosa la baba halimfungi mtoto. Na tukio hili latuonyesha kwamba kosa hilo la kuwachanganya linaweza kufanywa hata na mtoto wa mtu bora, hasira zikipanda.

NENO LA FAKIHI: NGAZI TATU ZA UKAAZI

Wanachuoni wetu hawakuandika mlango wa pasipoti, lakini waliandika milango ya sala, na humo ukaazi umepimwa kwa uangalifu mkubwa. Katika madhehebu ya Shafi mtu ana hali tatu.

Ya kwanza ni msafiri. Huyu anapunguza sala na anajumuisha, na Ijumaa si wajibu kwake. Akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hukumu ya safari imekatika. Miongoni mwa dalili za fakihi ni kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaruhusu Muhajirina kukaa Makka siku tatu tu baada ya kumaliza ibada ya hija, na kwamba Umar (r.a.) aliwapa wafanya biashara wasiokuwa Waislamu siku tatu katika Hijazi. Siku tatu hazimfanyi mtu kuwa mkaazi. Hanafi wao wamesema siku kumi na tano.

Ya pili ni mukimu, yaani mkaazi. Huyu amenuia kukaa, huenda miaka mingi, lakini moyo wake unasema: shughuli yangu ikimalizika nitarudi kwetu. Fakihi wamempigia mfano wa mwanafunzi aliyehamia mji kutafuta elimu. Huyu Ijumaa ni wajibu juu yake, lakini kwa kauli yenye nguvu hahesabiki katika wale arobaini.

Ya tatu ni mustautini, yaani mwenyeji aliyefanya mahali pale kuwa ndiyo kwao. Alama yake ni kwamba haondoki masika wala kiangazi ila kwa haja. Huyu ndiye anayehesabika. Na mtu akiwa na miji miwili, wamesema huangaliwa anapokaa zaidi. Pakilingana, huangaliwa walipo watu wake na mali yake.

Zingatia, ndugu msomaji: fakihi hakuuliza kabila, wala rangi, wala baba alizaliwa wapi. Aliuliza unakaa wapi, umenuia nini, na watu wako wako wapi. Mhabeshi, Mfursi na Mwarabu wa Kikureishi walipimwa kwa mizani moja.

Kisha upo mlango wa amani katika kitabu cha jihadi, pale fakihi walipozungumzia mgeni asiyekuwa Mwislamu anayeingia nchi ya Waislamu kwa ahadi ya usalama. Hanafi wamesema mtawala amjulishe kwamba akikaa mwaka mzima atahesabiwa miongoni mwa raia wanaolipa jizya. Maana yake, walikuwa na muda maalumu ambao ukipita mgeni hubadilika hali. Ama watoto wake aliofuatana nao, kauli yenye nguvu kwa Shafi ni kwamba hawaingii katika amani yake mpaka washurutishwe, yaani watajwe; na wengine wamesema waingia bila ya kutajwa. Sitaki kuichukua hukumu hiyo kama ilivyo na kuiweka juu ya nchi yetu, kwani iliwekwa kwa hali nyingine. Nachukua maana yake tu: tangu zamani wanachuoni walijua kwamba hati ya baba ina mipaka, na kwamba jina la mtoto lisipoandikwa huenda mtoto akabaki nje.

BARA YETU: KUTOKA HONGO HADI RELI

Tuje nyumbani. Uwanda huu wa kati ni njia ya watu tangu zamani. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilipita Mpwapwa na kukatiza Ugogo, nchi ya ukame ambako kisima ni mali. Watemi wa Kigogo walitoza hongo, nguo na shanga, na aliyekataa hakupata maji wala chakula. Wasafiri wa Kizungu wamelalamika sana vitabuni mwao juu ya hongo; lakini kwa haki, mwenye kisima kutoza ada kwa mpita njia si jambo geni ulimwenguni.

Aliyepita alitoa hongo. Aliyetaka kukaa alihitaji kitu kizito zaidi, nacho ni udugu. Huko Tabora Muhammad bin Juma al-Murjabi, baba yake Hamed bin Muhammed aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alimuoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Kwa ndoa kama hizo mfanya biashara wa pwani alipata shemeji, na watoto wake wakapata wajomba. Na pale udugu ulipovunjika palitokea vita: Mnywa Sele aliporithi utemi na kutaka kuwatoza kodi wafanya biashara wa Kiarabu, wao walimuunga mkono Mkasiwa, na damu ikamwagika kwa miaka. Tusisahau pia, na haki ni haki, kwamba katika biashara ya misafara ile mlikuwa na pembe na mlikuwa na watumwa. Si kila mgeni aliyekuja bara alileta kheri, na mwenyeji aliyeuliza masharti ya kukaa hakuwa na kosa.

Kisha Wajerumani wakajenga reli ya kati. Ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mji wa Dodoma tunaoujua ni mtoto wa reli ile. Kwenye vituo vyake walikaa Wahindi, Waarabu na watu wa pwani: wenye maduka, makarani, mafundi wa mbao na wa chuma, mafundi cherehani na walimu wa vyuo. Kondoa Irangi, kwenye njia ya kaskazini, Uislamu ulikita mizizi kwa Warangi. Wageni wale wengi walizaa hapa, na wengi wamezikwa hapa. Makaburi yao tunayapita tukienda sokoni.

MWAKA 1961: NANI NI MWENYEJI?

Uhuru ulipokaribia ilibidi swali la fakihi liulizwe na serikali: nani mukimu na nani mustautini? Oktoba mwaka 1961 muswada wa uraia uliletwa mbele ya chombo cha kutunga sheria. Wapo wajumbe waliotaka uraia uwe wa Waafrika tu. Mwalimu Julius Nyerere alisimama akapinga kwa maneno makali, akasema kuuweka uraia juu ya rangi ya ngozi ni njia ya wale waliouangamiza ulimwengu kwa ubaguzi, na kwamba serikali yake iko tayari kujiuzulu. Muswada ukapita bila ya sharti la rangi.

Kanuni iliyowekwa ilikuwa hii. Aliyezaliwa Tanganyika akiwa chini ya himaya ya Waingereza, na mzazi wake mmoja naye amezaliwa Tanganyika, alikuwa raia tarehe 9 Desemba 1961 bila ya kuomba. Aliyezaliwa hapa lakini wazazi wake wote wawili wamezaliwa nje alipewa nafasi ya kujiandikisha katika muda wa miaka miwili.

Fikirini maana yake kwa nyumba za Kondoa na Dodoma. Mtoto wa duka ambaye baba na mama wametoka Gujarat alitakiwa kuomba. Mtoto ambaye baba yake alizaliwa Arabuni lakini mama yake ni Mrangi aliyezaliwa Kondoa hakutakiwa kuomba, kwani mama alimtosheleza. Sheria ya nasabu inamfuatisha mtoto kwa baba. Sheria ya uraia hapa ilimtazama mzazi yeyote. Wapo walioiona miaka miwili ni mingi, wakangoja waone upepo unavuma wapi, na muda ukawapita. Baada ya majumba kutaifishwa mwaka 1971 familia nyingi za Kihindi ziliondoka kwenda Uingereza, Kanada na kwingineko, na katika miji mingi ya bara maduka yalibadilika majina.

Wakati huohuo mlango mwingine ulifunguka kwa upande wa pili wa bahari. Sultan Qaboos alipotawala Oman mwaka 1970 aliwaita Waomani waliokuwa nje, na waliotoka Zanzibar na bara, waliosoma na kujua Kiingereza, walipata kazi katika maofisi, shule na hospitali za nchi iliyokuwa ikianza kujengwa. Watoto wao walikwenda wakizungumza Kiswahili kuliko Kiarabu, na huko nako waliulizwa: nyinyi ni akina nani? Mtoto wa mhamiaji huulizwa swali hili pande zote mbili za bahari.

SHERIA YA LEO NA WAJUZI WA DODOMA

Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973. Mpango wa kwanza wa mji, wa mwaka 1976, ulichorwa na wataalamu wa kampuni ya Kanada. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007. Serikali ilianza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Reli ya kisasa, iliyoanza kuleta abiria Dodoma mwaka 2024, imejengwa na mkandarasi kutoka Uturuki; na Waturuki, kama tujuavyo, kwa kawaida madhehebu yao ni ya Hanafi. Wajuzi wa nje wamo katika ujenzi, hospitali, vyuo na madrasa zetu.

Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 iliweka vibali vya ukaazi vya madaraja matatu: A kwa mwekezaji na mwenye shughuli yake, B kwa mwajiriwa, na C kwa wengine, kama wanafunzi, watafiti na watumishi wa dini. Kwa sheria hiyo ilivyowekwa, kibali kilitolewa kwa muda usiozidi miaka mitatu, na pamoja na kuongezwa kisizidi miaka mitano. Sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wasio raia ikakiweka kibali cha kazi chini ya Kamishna wa Kazi, na ikamtaka mwajiri awe na mpango wa kurithisha ujuzi kwa raia. Mke na watoto huingia kama wategemezi: hati yao imefungwa kwa hati ya baba, ikianguka ya baba na yao imeanguka.

Kwa hiyo, kwa lugha ya fakihi, sheria yetu inamjua msafiri, inamjua mukimu, kisha inaruka moja kwa moja hadi kwa raia. Mgeni wa kazi akitaka zaidi ya mukimu, njia yake ni tajinisi. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtaka awe amekaa nchini miezi kumi na miwili mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka kumi iliyotangulia hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua saba. Ajue Kiswahili au Kiingereza. Awe na tabia njema. Awe amechangia na aweza kuchangia maendeleo ya taifa katika uchumi, sayansi, ufundi na utamaduni. Na awe na nia ya kuendelea kukaa. Tazama neno hilo la mwisho: nia. Ndilo neno la fakihi hasa. Tena auache uraia wake wa zamani, kwani nchi yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtoto mdogo wa raia aweza kuombewa na mzazi wake. Akishavuka miaka kumi na minane ni lazima asimame mwenyewe.

Majirani wamechukua njia nyingine. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2011, ina ukaazi wa kudumu: aliyekuwa na kibali cha kazi kwa miaka isiyopungua saba, na kukaa mfululizo miaka mitatu kabla ya kuomba, aweza kuupata bila ya kuuacha uraia wake. Na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa mfanyakazi wa nchi mwanachama haki ya kufuatana na mke au mume na mtoto wake, ingawa kila nchi ilijiwekea orodha yake, na Tanzania ilifungua kwa aina maalumu za ujuzi.

JAWABU LA KIJIJI, NA LILILOFUATA

Niliwajibu wazee hivi. Ustadh, baba wa kijana, ni mukimu. Mwenyewe alisema kila siku kwamba akimaliza kazi yake atarudi kwao kuwazika wazazi wake. Ijumaa ni wajibu kwake, lakini hahesabiki. Ama kijana, nilimwita nikamuuliza peke yake: ukimaliza masomo unanuia kwenda wapi? Akasema, "Sheikh, niende wapi? Kwetu ni hapa." Amebaleghe, na aliyebaleghe nia yake ni yake, si ya baba yake. Nikasema anahesabika. Ijumaa ikasimama.

Kijana alipotimia miaka kumi na minane, hati ya utegemezi haikuweza kumbeba tena. Kamati ya madrasa ilitakiwa imuombee kibali chake kama mwanafunzi kabla ya muda. Pasipoti za familia nzima zilikuwa zimewekwa katika kabati la kamati, ati kwa usalama. Ombi halikupelekwa. Kila mjumbe alidhani mwenzake amepeleka, na mimi nilikuwa mmoja wa wajumbe. Tulipozinduka miezi ilikuwa imepita, na kijana alikuwa mkosaji mbele ya sheria bila ya yeye kujua. Alilazimika kuondoka kwenda nchi ambayo hakuwa akiikumbuka, na baba yake hakukaa sana baada yake. Ijumaa ile wakahesabu wakapata thelathini na tisa.

Sikuilaumu ofisi, kwani ofisi ilifuata iliyoandikwa. Tulijilaumu wenyewe. Allah (s.w.) mwanzoni mwa Surat al-Maida ametuamrisha kutimiza mikataba, na aliyemleta mtu kutoka nchi ya mbali kwa mkataba amebeba amana ya mtu huyo, mke wake na watoto wake. Ujira wake tulimlipa kwa wakati, tukadhani tumemaliza.

NASAHA

Kwa maimamu, walimu na wajumbe wa kamati za misikiti na madrasa, nina nasaha chache.

Kwanza, kibali ni ahadi baina ya mgeni na nchi, na Mwislamu hutimiza ahadi. Haifai kumkalisha mwalimu kwa hati iliyokwisha muda kwa hoja kwamba anafundisha Qur'ani. Kazi njema haihalalishi kuvunja ahadi.

Pili, pasipoti ni mali ya mwenyewe. Kuifungia kabatini si ulinzi. Ni kumnyang'anya mtu hati yake. Mrudishieni leo.

Tatu, hesabuni umri wa watoto. Baleghe ya fikihi huja kwa alama au kwa miaka kumi na tano ya mwezi mwandamo. Utu uzima wa serikali ni miaka kumi na minane. Mtoto anapotimia kumi na saba, kaeni na baba yake mpange. Anayezaliwa hapa aandikishwe cheti cha kuzaliwa mara moja, na baba ajue kwamba cheti hicho ni ushahidi wa kuzaliwa, si uraia.

Nne, kwa ndugu zetu wenye madaraka ya kutunga sheria. Nchi ina haki ya kujua nani anaingia na nani anakaa. Watemi wa Ugogo walikuwa na haki hiyo na Sayyidna Umar alikuwa nayo. Lakini mtoto aliyeletwa mchanga, akasoma shule zetu na asijue kwingine, si sawa na mtaalamu wa mkataba wa miaka miwili. Fakihi wa zamani walimtofautisha kwa nia yake na kwa muda wake. Ngazi iliyokosekana baina ya mukimu na raia, ambayo jirani zetu wameiweka, ni jambo linalostahili kufikiriwa, hata kama ni kwa watoto hao tu.

Tano, kwa waumini wote. Tunapowaona watoto wa wageni misikitini mwetu, wa mhandisi, wa daktari, wa mwalimu, tusiwaite wageni mpaka tuwaulize kwao ni wapi. Jawabu lao huenda likawa ndilo jawabu letu.

Kijana wetu bado huandika. Katika barua yake ya mwisho aliuliza kama mvua imenyesha, na kama Ijumaa inasimama. Nilimjibu kwamba mvua ilinyesha kidogo, na kwamba vijana wawili wa kijiji wamebaleghe, kwa hivyo Ijumaa imerudi. Sikumwambia kwamba bado wazee, wakihesabu, hulitaja jina lake kwanza.

Allah (s.w.) atuwezeshe kutimiza amana zetu, na atukusanye sote katika nyumba ya kudumu ambayo hakuna atakayeondolewa. Amin.

Wallahu a'lam, wabillahi tawfiq.